Sauti Yangu Ndani ya Kaseti Yake

Bwana yangu alikuwaka anapiga saksofone kwa baa moja ya mutaa ya Nyawera, wakati ya Zaïre, na hakuna mutu alipenda namna anapiga. Bantu banataka rumba. Yeye anachanganya: kidogo jazi, ile anasikilizaka kwa radio za mbali, kidogo lulanga, ile kinanda ya nyuzi baba yake alipigaka kwa ndoa za Bashi, bantu ba kwetu. Kisha muzungu mumoja wa Lwiro, wakati ya kurudia kwabo, akamuachia kinanda ya courant, mashini ya umeme yenye inakamata sauti na kuirudilia. Eh! Pale njo mwanaume alipotea. Inalia sawa ndege, inalia sawa bati, inalia sawa mbuzi yenye banakamata shingo. Yeye anacheka peke yake.

Soldat anasimama mbele yake: «Yo musicien, beta rumba! Piga rumba!» Mukubwa wa parti, abacost, ile koti ya chama, inamubana tumbo, anasemea ndani ya pua: «Ci-to-yen, hii muziki yako iko ya inchi gani?» Na mama mukwe wangu: «Mwana wangu, baba yako alipiga, ngombe zikalala. Wewe unapiga, hata kuku inahama.»

Mimi naiga bale bote, bwana yangu anakauka na kicheko. «Mama, rudilia ya soldat!» Narudilia. Masomo sikupata, shule yangu ilikuwa midomo ya bantu. Mutoto hatukuzaa, lakini nyumba ilijaa, bote banaishi ndani ya koo yangu.

Kisha akaenda. Kwanza Bujumbura, na orchestre moja, kisha Bruseli. «Nikipata fasi nitakuita, ao nitarudi.» Barua ningefanya nayo nini? Katekista anisomee «bibi yangu mupenzi» na ile sauti yake ya kuzika bantu? Basi alikuwa ananitumia kaseti, masista banaleta wakati banatoka congé, likizo yabo ya Bulaya, na yangu banamupelekea. Kaseti haiombe shule.

Mimi, kisha kula, mbele mangaribi ifike, nafunga mulango, naweka radio-kaseti kwa meza, namupa Kadutu yote, mutaa yetu na soko yake. Mama wa sambaza, bile bisamaki bidogo: «Sambaza ya ziwa! We maman, usishike-shike kama haununue!» Jirani mulevi anaomba bibi yake mulango. Padiri anakohoa mbele ya kusema mambo ya Mungu. Kwa mwisho, na sauti yangu mwenyewe, naulizaka: «Na wewe, unarudi lini?»

Yeye anajibu mambo ya baridi. Anajibu asema kule bantu banakaa kwa viti kimya, hakuna mwenye kulilia rumba. «Banafunga macho, mama, banasikiliza!» Nikamujibu: banalala, papa. Lakini ile swali yangu anaruka juu yake sawa shimo ya njia. «Tutaona. Tuma tena sauti za soko.»

Siku moja kaseti ikakuya, haina mazungumuzo. Muziki tu. Na ilikuwa muzuri, sitadanganya. Saksofone inaanza polepole, lulanga inaingia ndani ya mashini, kisha… mama wa sambaza! Mimi! Kisha soldat, mimi tena! Nikaita bajirani. Balicheka mpaka kukaa chini. Kisha nikasikia sauti yangu ya kweli: «Unarudi lini?» Mashini ikaikamata, ikairudilia: unarudi lini, unarudi lini, lini-lini-lini, na ngoma chini yake. Bajirani banasimama, banacheza.

«Yoo, maman, umekuwa vedette, nyota ya muziki!»

Mimi nangoja. Kaseti ikaisha, nikageuza upande ingine, nikangoja.

«Sasa papa anajibu nini?» jirani mumoja akauliza.

«Si unasikia?» nikasema. «Anajibu na saksofone.»

Bakacheka tena, bakaenda kupika kwabo.

Sista mwenye kuleta ile kaseti nikamufata mpaka kwa couvent, nyumba ya masista. Anakuwaka na mudomo ya muviringo: «Ma chère, papa anaendelea muzuri sana! Banamuita mu mainchi mingi, banapiga makofi!»

«Na mimi, hakunitumia neno?»

«Alikuwa na haraka, ma chère.»

Nikarudi nyumbani. Nikaweka ile kaseti yake, nikafinya bouton mbili pamoja, ile ya kukamata sauti juu ya muziki na kuifuta. Saksofone inaenda, lulanga inaenda, bazungu na macho yabo ya kufunga banaenda. Nikasema: «Ni mimi. Soko ya Kadutu leo haiko ndani. Naenda kukaa kwa dada yangu, kule Kalehe, sitangoja tena. Ufunguo iko kwa mama yako.»

Nilikuwa nafikiri niko na mingi ya kumwambia. Ilikuwa ile tu. Kaseti ingali inazunguka, sikujua kuisimamisha na roho gani. Mvua ikaanza kwa bati, nikaacha ikamate mvua mpaka ikaisha, nikapelekea sista.

Labda na ile mvua yeye alifanya muziki. Mimi sikusikia.