Betri za Bibi na Watu wa Ziwani

Juma lililopita nilimkuta mwanangu wa mwisho amejificha nyuma ya kochi, betri ya rimoti iko mdomoni, anaing'ata kama anavunja karanga ngumu. Alitaka ipate nguvu amalizie katuni zake. Nilimfokea mpaka jirani akachungulia dirishani. Kisha nikaichukua ile betri na, kabla sijajua ninafanya nini, nikaigusisha kwenye ulimi. Ladha ni ile ile, chuma na chumvi na uchachu kidogo. Nilikaa pale pale sakafuni, mtu mzima na watoto wangu, uso ukaniwaka kwa aibu ya jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sijawahi kumsimulia mtu. Ninyi nawasimulia kwa sababu hamnijui.

Kwetu ni Kisiba, chini ya Tukuyu, upande wa juu wa ziwa. Ziwa lile ni la mviringo, limezama katikati ya kuta za mlima uliolipuka zamani, na maji yake yanakaa kimya sana. Wakubwa walituambia halina mwisho chini. Nadhani walisema hivyo ili tusiende kuogelea, lakini sisi tuliliamini neno hilo kama lilivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka ya Tukuyu mjini, ambayo mama alizoea kuyasimulia kwa foleni za sabuni na rafu tupu, yalikuwa yamejaa viatu vya plastiki, biskuti, na redio kutoka Dubai. Baba alikuwa na shamba dogo la chai. Msimu mmoja chai ilipokubali, alirudi na redio nyeusi yenye antena ndefu, amebeba kifuani kama mtoto mchanga. Bibi, mama yake baba, aliishonea kitambaa chenye maua, na redio ikawa inavaa vizuri kuliko mimi.

Bibi alizungumza Kinyakyusa na sisi sote. Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya watu wa serikali na redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, Bibi alijibu nzuri, akanyamaza kidogo kumpa nafasi aendelee. Tulicheka mpaka baba akatukataza.

Lakini Bibi hakuwa na mchezo na redio ile. Mtoto wake wa kwanza, baba yangu mkubwa Ambakisye, alikwenda Tanga ujanani kutafuta kazi ya mkonge, akaishia bandarini, akaoa huko huko. Mwaka ule ilikuja barua kwamba anaumwa na amelazwa. Simu Kisiba haikuwepo, redio ilikuwa hiyo yetu moja, na barua ilitumia majuma. Habari ya haraka ingeweza kuja kwa njia moja tu, nayo ni matangazo ya vifo, yaliyosomwa redioni kila jioni kabla jua halijazama. Bibi alikuwa akivaa kitenge safi, anakaa kwenye kigoda, anasikiliza majina ya watu wa mikoa yote mpaka la mwisho. Likipita bila la mwanawe, alizima redio mara moja. Betri tatu zilizokuwa ndani zilinunuliwa kwa jogoo wake, na sheria yake ilikuwa moja: betri ni za matangazo. Muziki marufuku.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Siku moja nilitumwa sukari, nikafungiwa katika kipande cha gazeti. Miaka ile magazeti yalikuwa yamezuka ya kila rangi, na kila moja lilijua jambo ambalo serikali ilikuwa inatuficha. Kipande changu kilikuwa na picha ya kiumbe mwenye kichwa kikubwa na macho ya panzi. Habari ilisema mabaharia wananasa milio ya ajabu kutoka chini ya bahari, na kwamba huenda huko kunaishi viumbe waliotoka kwenye nyota, wakaona maji yetu yanawafaa. Gazeti lilikuwa limechanika mahali ambapo pengine walianza kueleza kwamba hakuna ushahidi. Nilikisoma kipande kile mpaka sukari ikamwagika, na nikachapwa kwa sukari.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni saa nane mchana. Wakubwa walikuwa shambani wanachuma chai, Bibi yuko migombani. Nilifunua kitambaa, nikawasha redio, nikazungusha kifundo polepole kwenye masafa mafupi, na katikati ya stesheni mbili nikausikia mlio: ti-ti-tiii, ti-tiii, ti. Ulinyamaza, ukarudi. Nywele zilinisimama. Niliona jambo liko wazi kabisa: ziwa letu halina mwisho, kwa hiyo limeungana na bahari kwa chini, na wale viumbe wako chini ya Kisiba, hatua chache kutoka jikoni kwetu.

Nilimwambia rafiki yangu Sekela peke yake, nikamwapisha. Kesho yake walikuja watoto tisa. Walikaa kwenye mkeka, midomo wazi, nami nikiwa na sikio kwenye spika nawatafsiria. Wanasema wamechoka kula samaki. Wanasema wanamjua mwalimu wetu wa hesabu na hawampendi. Wanasema Sekela asicheke. Kwa malipo waliniletea mapera na mahindi ya kuchoma, na kwa majuma matatu sikubeba ndoo ya maji kichwani, walinibebea. Mimi niliyekuwa wa mwisho kuchaguliwa kwenye mchezo wowote, meno yamepandana, miguu kama fito, nilikuwa mkubwa wa ziwa zima. Siwezi kusema sikuufurahia ukubwa ule. Niliufurahia sana, na ndiyo maana unaniuma.

Betri zikaanza kuchoka. Mtu wa mahali pengine angezianika juani, lakini juma lile ukungu ulishuka Jumamosi ukagoma kuondoka. Jumatatu mchana mlio wa ziwani ukawa mdogo kama mbu, na watoto wakaanza kunong'ona. Nilizitoa betri, nikazipasha karibu na mafiga, nikaziuma moja baada ya nyingine kwa nguvu zangu zote. Zikaamka kidogo. Badala ya kuacha kile kidogo kwa Bibi, nikakitumia kuwaambia watoto kwamba viumbe wanawaaga mpaka kesho.

Jioni Bibi akavaa kitenge chake, akakaa. Taarifa ikaja kwa mbali. Ukapigwa wimbo wa maombolezo, mtangazaji akasema, "Tunasikitika kutangaza," sauti ikazama, na redio ikanyamaza kimya.

Bibi aliigonga mgongoni. Kisha akafungua kifuniko, akatoa betri, akazigeuza vidoleni moja moja, dole gumba likipita juu yake polepole. Nilijua macho yake hayaoni vizuri jioni, nikajipa moyo.

"Ni baridi, Bibi," nilisema, hata sikuulizwa.

Alizirudisha mahali pake, akaifunika redio. Baba akasema atanunua nyingine Alhamisi, siku ya soko.

Alhamisi hiyo, mchana, tulisikia vilio barabarani. Walikuwa wanawake wa kijiji cha Masukulu, ndugu zetu wa ukoo, wamekuja na kuni na mikungu ya ndizi, mikono kichwani, wanalia kama inavyopasa mtu anapoingia nyumba yenye msiba. Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alikuwa anacheka, kwa sababu kifaranga kilikuwa kimeingia ndani ya ungo wake. Aliinuka haraka, akaweka ungo chini, akawauliza kwa huruma, "Nani amekufa?"

Vilio vilikatika. Wanawake wale walitazamana. Mmoja wao akatua kuni zake na kusema, "Mama, kwani hamkusikia redio?"

Tangazo lilikuwa limesomwa Jumatatu. Ambakisye amefariki, mama yake na ndugu zake wa Kisiba wanasubiriwa Tanga, mazishi ni Alhamisi saa kumi. Saa kumi ilikuwa bado saa mbili hivi ifike, na Tanga ilikuwa safari ya siku mbili kwa basi. Baba alikwenda hivyo hivyo. Alikuta tuta la udongo na maua yaliyonyauka, na watu wa huko wakamuuliza mama wa marehemu ni mtu wa namna gani.

Huku kwetu nako walisema. Siku zote za matanga niliwasikia jikoni wakinong'ona, mama mzima anachambua maharage na kucheka huku mwanawe anateremshwa kaburini. Bibi alisikia pia. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mimi nilipitisha chai na kuosha vikombe, nikasifiwa kuwa mtoto mwenye adabu.

Baada ya watu kutawanyika, Bibi aliniita sebuleni. Baba alikuwa ameshanunua betri mpya. Tulikuwa wawili tu. Alinikalisha karibu yake na, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akanisemesha kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyakyusa, nadhani aliona ndicho kinachofaa kwa mambo ya redio.

"Tupo," alisema. Jina langu ni Tupokigwe. "Kule Tanga kuna bahali."

"Ndiyo, Bibi, bahari ipo."

"Hao watu wako ba chini ya maji. Waulise kama wamemuona Ambakisye."

Kumbe alikuwa anajua habari za watu wangu. Niliwasha redio, nikautafuta mlio, nikaupata. Ti-ti-tiii. Neno lilikuwa kooni: Bibi, ni mimi. Nililisikia kabisa likiwa pale.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema amefika salama," nilijibu. "Wanasema hana kinyongo na wewe."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Hawana neno lingine?"

"Hawana, Bibi."

"Ndaga fijo," akanishukuru, akazima redio, akaivalisha kitambaa chake.

Nilipokwenda sekondari ya bweni, mwalimu wa fizikia alitueleza kuwa milio ile ni alama za meli zinazozungumza na bandari. Huenda siku mojawapo nilikuwa nasikia bandari ya Tanga yenyewe, sijui. Na kila nilipofunga shule na kurudi nyumbani, Bibi alinipokea begi, akaniuliza, "Tupo, wale ba siwani wanasemaje?" Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. "Wanakusalimu, Bibi," nilimjibu. Yeye alikuwa akingoja kidogo, mkono bado uko kwenye begi langu, ndipo anauliza habari za masomo. Hata nilipoanza kazi aliniuliza. Hata mwaka ule wa mwisho, akiwa amelala, sauti imekauka, aliniuliza.

Tulipomaliza kumzika, mama na mimi tulikuwa tunasugua masufuria uani. Mama akasema, bila kuniangalia, kwamba jioni ile ya Jumatatu Bibi alimpelekea betri jikoni, akamwekea kidole juu ya alama za meno. Meno yaliyopandana hivyo yalikuwa ya mtu mmoja tu nyumbani kwetu. Siku msiba ulipojulikana, mama alikata fimbo, na Bibi akamshika mkono.

"Alisema nikuache," mama aliniambia. "Alisema utamwambia mwenyewe."

Nilidhani lile swali lilikuwa utani wa nyumbani. Bibi hakuwa anawauliza watu wa ziwani, alikuwa ananiuliza mimi, na kila mara alinipa muda wa kujibu. Jibu lenyewe lilikuwa fupi sana: Bibi, betri nilizimaliza mimi. Leo nimewaambia ninyi msionijua. Yeye alingoja miaka kumi na minne, ameshika begi langu.