Kioo Kilichokuwa Kizima

Ndambuki wa Muthetheni aliendesha magari ya watu tangu ujana wake: lori la mchanga, pikapu ya kanisa, na mwishowe magari ya Abukar, mfanyabiashara wa mifugo mjini Machakos. Hakuwahi kumgonga mtu. Madereva wenzake walimwita Polepole, naye jina hilo halikumchukiza.

Mwaka 2004 Abukar alinunua gari kubwa la mtumba lililotoka Dubai. Kilichomvutia Ndambuki hakikuwa injini wala viti vya ngozi. Kilikuwa kile kioo cha ndani kinachoning'inia juu ya dashibodi ili dereva aone nyuma. Kwenye magari ya zamani, taa za gari la nyuma zilipomchoma macho, alivuta kikonyo kidogo chini ya kioo nacho kikainama. Hiki hakikuwa na kikonyo. Taa zikimulika kilijitia giza chenyewe, na zikipita kikang'aa tena. Kwenye kona yake ziliwaka herufi za kijani za kuonyesha gari linaelekea kaskazini au kusini.

"Hiki kioo kiko na akili," alimwambia mkewe, Kamanthe. "Kinajua macho yangu yamechoka kabla sijasema."

Haukupita mwaka akaanza kulalamika. Kioo kilikuwa kimekataa kung'aa. Kilibaki na ukungu hata mchana, na kila mwezi ukungu ulizidi. Alikipangusa kwa kitambaa, kwa gazeti, kwa mate. Alimwambia Abukar, na baadaye akamwambia tena. Abukar, aliyekuwa akiketi nyuma simu ikiwa sikioni, alisema watakipeleka kwa fundi wakipata nafasi. Kulikuwa na mbuzi wa kununua Katangi, ng'ombe wa kupakia Mwala, na nafasi haikupatikana.

Siku ya soko huko Kathiani, asubuhi, jua limeshawaka, Ndambuki alikuwa akirudisha gari nyuma kutoka pale walipokuwa wamefungwa mbuzi. Munyiva, mama aliyeuza mapapai, alikuwa upande wa nyuma wa gari akiyapanga mapapai yake kwenye gunia. Ndambuki alitazama kioo cha ndani, akatazama cha ubavuni, akaachilia breki. Alisikia watu wakipiga mayowe. Akasimama, lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kuupanda mguu wa Munyiva.

Hospitalini waliukata chini ya goti.

Polisi walimshtaki Ndambuki kwa kuendesha bila uangalifu. Aliwaambia jambo moja, na hakulibadilisha: "Kioo kilikuwa cheusi. Mwenye gari nilimwambia."

Maneno hayo yalimfikia Abukar yakamkosesha usingizi. Polisi walipolirudisha gari, alimwita dereva wake. "Twende kwa fundi, Ndambuki. Wallahi, akisema kioo ni kibovu, nitasimama mbele ya hakimu niseme mimi ndiye nilipuuza."

Fundi alikuwa Nthambi, mwanamke aliyetengeneza umeme wa magari kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Alimwambia Ndambuki aketi kwenye kiti chake cha dereva na awashe swichi bila kuwasha injini. Yeye akaingia upande wa pili, na Abukar akasimama nje ya dirisha.

"Mzee, hiki si kioo kimoja," Nthambi alisema. "Ni viwili vimebanana, na katikati kuna ute. Umeme ukipita, ule ute unageuka rangi kama maji yametiwa wino. Ukikatika, unakuwa mweupe tena. Sasa, ni haya macho mawili yanaamua umeme upite." Akagusa kitundu kidogo kilichotazama nje ya kioo cha mbele, kisha kingine kilichotazama nyuma. "La mbele linaangalia kama nje ni giza. La nyuma linaangalia kama kuna taa inamulika. Yote mawili yakikubaliana ndio kinaingia giza. Na ukitia rivasi, kuna waya inatoka kwa taa za rivasi inakuja kukiambia king'ae, hata kama ni usiku."

"Basi ni hiyo waya imekatika," alisema Ndambuki. "Si unaona? Hiyo ndiyo iliniangusha."

"Tuone."

Nthambi aliziba jicho la mbele kwa kidole gumba, akamulika lile la nyuma kwa tochi. Kioo kilianza kugeuka taratibu, buluu iliyochanganyika na kijani, mpaka uso wa Nthambi ukaonekana ndani yake kama uko chini ya kisima.

"Sasa tia rivasi, mzee."

Ndambuki akatia. Kioo kikang'aa, ingawa tochi bado ilikuwa inakimulika. Nje ya dirisha Abukar alivuta pumzi.

"Umeona?" Nthambi aliuliza.

"Nimeona nini? Si ni kile kile?"

"Hakijabadilika?"

"Ni cheusi tangu umeingia."

Nthambi alizima tochi. Alimtazama Abukar, kisha akamgeukia tena Ndambuki. "Hapa kwa kona kumeandikwa herufi gani?"

"Hakuna herufi. Zilikufa kitambo."

Herufi zilikuwa zinawaka. Abukar aliziona kutoka pale aliposimama.

"Angalia kioo, mzee, usigeuke." Nthambi alinyoosha mkono nyuma, kati ya viti. "Niko na vidole vingapi?"

Ndambuki alikaza macho. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Huo mkono uko wapi?"

Nthambi aliurudisha mkono, akauweka juu ya bega la Ndambuki.

"Kioo ni kizima, mzee wangu."

Ndambuki alikaa pale ameshika usukani kana kwamba gari linatembea. Abukar aliingiza mkono dirishani, kiganja wazi. "Nipe funguo, ndugu yangu," alisema. Ilibidi arudie.

Nyumbani, Kamanthe aliposimuliwa hakushangaa. Kwa miezi alikuwa amemwona akimimina chai nje ya kikombe na kugonga bega kwenye mlango. "Baba Nzilani," alisema, "mama yako alianza hivi hivi. Tukasema ni uzee."

Kwenye kliniki ya macho daktari alisema ni presha ya macho. Alieleza kwamba ugonjwa huo unaua mishipa polepole bila maumivu, ukianzia kandokando na kuingia katikati, ndiyo maana mtu hulaumu taa, miwani au kioo. Kilichopotea hakirudi. Alimpa matone ya kulinda kidogo kilichobaki, na kwa kuwa ugonjwa huo hurithiwa, akaagiza watoto wake wote wapimwe.

Mahakamani Ndambuki hakumngoja mtu amsemee. "Kioo ni kizima," alimwambia hakimu. "Mimi ndiye siko mzima." Alipewa kifungo cha nje na leseni ikachukuliwa.

Baada ya hapo aliomba Kamanthe ampeleke kwa Munyiva. Walimkuta ameketi kwenye kigoda uani, magongo yako chini kando yake.

"Mwaitu, mama yangu, nimekuja kusema pole," alisema Ndambuki.

"Wacha nikuulize kitu," alisema Munyiva. "Hiyo siku niliinua kichwa nikaona gari inakuja. Nikaona macho yako kwa kile kioo cha ndani. Yalikuwa yananiangalia, mimi. Nikajiambia, huyu ameniona, atasimama. Nikarudi kwa mapapai yangu. Sasa niambie, uliniona?"

"Sikukuona."

"Lakini uliniangalia."

"Nilikuangalia, mwaitu. Sikukuona."

Munyiva hakusema amemsamehe, na hakusema hajamsamehe. Alimwita binti yake awaletee wageni maji. Ndambuki alinyoosha mkono kupokea kikombe, mkono ukapita kando. Munyiva aliuangalia ukitafuta hewani mpaka Kamanthe akamshikisha.

Matone yalichelewesha giza lakini hayakulizuia. Kufikia mwaka 2008 Ndambuki hakuweza kutofautisha mlango na ukuta, na Kamanthe alikuwa akimwongoza mpaka chooni. Kati ya watoto wao, Nzilani alikuwa wa kwanza kwenda kupimwa. Alikutwa na presha katika macho yote mawili, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.