Gazeti la Mbuzi Watatu

Ezekieli Msengi aliteuliwa kuwa mkutubi wa kijiji cha Kisonga kwa sababu mbili: alikuwa na miwani, na alikuwa na kabati. Miwani ilikuwa yake. Kabati lilikuwa la mke wake, Raheli, aliyekuwa akiweka humo sahani za wageni, lakini kikao cha kijiji hakikuingia katika mambo hayo madogo.

Mwaka huo ulikuwa wa kisomo. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa ijue kusoma, na Kisonga, kijiji cha Iramba kilichokuwa na umri wa miezi minane tangu watu wahamishwe na kupangwa mistari, hakikutaka kubaki nyuma. Walijenga chumba cha kusomea kwa matofali ya udongo, wakaezeka bati nusu na nyasi nusu, wakaingiza kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na vitabu vinne. Kimoja kilihusu pamba, ambayo Kisonga hawakulima. Viwili vilikuwa kitabu kile kile. Cha nne hakikuwa na jalada, na hakuna aliyefahamu kilihusu nini, ingawa wengi walikisoma.

Kilichokosekana ni gazeti. Kwa bei ya gazeti la mwaka mzima, kijiji kimoja kisingeweza. Ndipo Ezekieli akapata wazo lililompa sifa tarafa nzima kwa muda wa wiki mbili hivi: Kisonga waungane na jirani zao wa Ntondo na Mlagu, kila kijiji kitoe mbuzi mmoja, mbuzi wauzwe, na gazeti liagizwe kwa jina la wote watatu. Literemshwe na basi pale Misigiri, dukani kwa Mselemu, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akiuza chumvi, sukari na maneno.

Mbuzi wakauzwa. Likabaki swali la nani atalisoma kwanza.

Wazee wa vijiji vitatu walikaa kutwa nzima. Ntondo walisema wao ndio wengi. Mlagu walisema mbuzi wao ndiye aliyekuwa mnono. Jua lilipoanza kuinama, Ezekieli akasimama, akavua miwani, akasema neno ambalo baadaye alilijutia.

"Ndugu zangu, mbona tunasumbuka? Watu watatu wakichangia ng'ombe, hakuna anayepewa ng'ombe mzima aende naye kwanza, wengine wangoje. Ng'ombe anagawanywa. Kila mtu anaondoka na fungu lake, siku ile ile."

Pale pale wote wakaona mwanga. Gazeti lilikuwa na kurasa nane, yaani karatasi nne. Likagawanywa kwa taratibu ile ile ambayo watu wale waliijua tangu utoto. Kichwa ni cha mkubwa. Kisonga, ambao ukoo wao ulitangulia kufika nchi ile, wakapewa karatasi ya mbele, ukurasa wa kwanza na wa pili. Ntondo wakachukua kidari, wa tatu na wa nne. Mlagu wakapata matumbo, wa tano na wa sita. Mselemu, kwa kuwa kisu kilikuwa chake na ndiye atakayekata, akapewa fungu la mchinjaji, yaani karatasi ya mwisho yenye mpira na tanzia. Kwa muda wote huo, chumvi ya Misigiri iliuzwa ikiwa imefungwa ndani ya marehemu.

Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya wiki watabadilishana mafungu. Wiki ya kwanza walibadilishana. Karatasi ya Mlagu ilirudi ikiwa imekatwa kona.

"Kona imekwenda wapi?" Ezekieli alimuuliza mjumbe wa Mlagu.

"Ilivutwa, mzee."

"Ilivutwa na nani?"

"Haikuvutwa na mmoja."

Mlagu walilima tumbaku, na hawakuwa na karatasi nyingine ya kusokotea. Kisonga wakakasirika. Wakasema kichwa chao hakitakwenda tena kubadilishwa na matumbo yaliyochomwa. Ntondo wakaunga mkono kwa kutotuma chochote. Tangu siku hiyo kila kijiji kikabaki na fungu lake.

Hapo ndipo Ezekieli alipotambua kosa la maisha yake. Kichwa cha ng'ombe kina nyama. Kichwa cha gazeti kina mianzo tu. Kila habari tamu ya Kisonga ilianza vizuri, ikapamba moto, halafu ikasema: endelea ukurasa wa tano.

Siku ya kwanza ya mkosi huo, watu arobaini wa darasa la kisomo walikaa kimya wakimtazama. Habari ilikuwa ya lori lililotumbukia mtoni likiwa na bwana harusi. Ezekieli alifika kwenye nukta tatu za mwisho, akakohoa.

"Alipona?" aliuliza bibi Dina. Bibi Dina alikuwa ameanza kusoma akiwa na wajukuu kumi na wanne, naye hakuwa na muda wa kupoteza.

"Mwisho uko Mlagu, bibi."

"Basi huyo bwana harusi tunamwacha majini mpaka Mlagu watakapomaliza kuvuta?"

Minong'ono ikazuka. Mmoja akasema alipona. Mwingine akasema hawezi kupona, bwana harusi huvaa viatu. Mabishano yakaendelea hadi Ezekieli, aliyezoea vikao, akafanya jambo pekee ambalo mtu wa vikao hulifanya watu wasipokubaliana. Aliitisha kura. Bwana harusi akaponea chupuchupu kwa kura ishirini na mbili dhidi ya kumi na tisa, na Ezekieli akaandika uamuzi huo katika daftari jipya. Juu ya jalada akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Miisho*.

Kuanzia hapo chumba kilifurika. Watu waliacha pombe ya mtama ikichacha ili wasipitwe na mwisho. Waliosoma kwa kuhema walianza kusoma upesi, kwani mtu asiyesoma mwanzo sawasawa hakuruhusiwa kupiga kura. Bibi Dina alishindwa mara tisa mfululizo na hakukosa hata siku moja.

Mtu mmoja tu hakupendezwa. Petro, katibu wa kijiji, alitaka chumba kile kiwe ghala la mbolea. Yeye hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa ghala. Akaandika barua Kiomboi, makao ya wilaya, kwamba chumba cha kusomea cha Kisonga hakina gazeti kamili wala vitabu vya maana, na kwamba watu hukusanyika humo kupigia kura mambo yasiyojulikana. Jibu likaja: afisa wa elimu ya watu wazima atafika kuwapima wasomaji. Wakishindwa kueleza walichokisoma, chumba ni cha mbolea.

Ezekieli hakula siku mbili. Raheli alimtazama akizungusha uji kwa kijiko.

"Wakikifunga," alisema Raheli, "kabati langu linarudi."

"Nalijua hilo."

"Nasema tu."

Afisa Gabrieli Ntandu alifika na Landrova asubuhi ya Jumanne. Nyuma ya gari kulikuwa na mifuko thelathini ya mbolea. Alieleza kwa upole kwamba ameibeba kabisa ili kuokoa safari. Petro alikuwa ameshasimama mlangoni na kamba ya kupimia, akihesabu hatua za ukuta kwa midomo.

"Shikamoo, bibi," afisa alimwamkia bibi Dina aliyekaa benchi la mbele.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mbolea ni ya nani?"

"Tutaona, bibi."

Akakaa kwenye meza ya Ezekieli, akatoa gazeti la ofisi yake, zima kwa kulitazama, la wiki tatu nyuma. Ezekieli akalitambua. Afisa angeweza kuuliza habari ya ukurasa wa kwanza, bei ya alizeti, ambayo ilianza na kwisha hapo hapo, na wote wangejibu. Badala yake akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole bila hata kutafuta.

"Nieleze, bibi. Kesi ya jogoo."

Darasa zima likavuta pumzi. Kesi ya jogoo aliijua hata mbuzi wa Kisonga. Upande wa Manyoni, mtu mmoja alimshtaki jirani yake kwamba jogoo wake huwika saa zisizo zake, akawatoa watu vitandani na kuwapeleka shamba la ujamaa saa nane za usiku, wakalima gizani, wakang'oa mtama wakidhani ni magugu. Hakimu akaamuru jogoo aletwe mbele ya mahakama. *Jogoo alipofikishwa*, liliandika gazeti, *hakimu alimtazama, akamwambia...* Endelea ukurasa wa tano.

Bibi Dina akasimama. Alieleza mwanzo wote, na saa nane ile, na mtama uliong'olewa, bila kukosea neno. Halafu akaendelea bila kupepesa.

"Hakimu akamwambia jogoo awike tumsikie. Jogoo akanyamaza. Wakamngoja kutwa. Akanyamaza. Hakimu akasema, jogoo huyu hana kosa, kwa kuwa mwenye tabia ya kuwika ovyo asingeweza kujizuia mbele ya watu wengi namna hii. Mlalamikaji akaamriwa anunue saa."

Kura ishirini na tisa dhidi ya kumi na mbili. Bibi Dina mwenyewe alikuwa katika wale kumi na wawili, lakini uamuzi wa kikao ni uamuzi wa kikao.

Afisa alichomoa karatasi ya ndani, akaiinua usoni. Akafunua ukurasa wa tano kana kwamba anahakikisha. Ezekieli alifumba macho. Alipofumbua, aliona jambo ambalo lilimchukua muda kulielewa. Katikati ya ukurasa wa tano palikuwa na tundu la mraba, kubwa kama dirisha la choo, na ndani ya tundu hilo, kutoka upande wa pili, uso wa bibi Dina ulikuwa ukimtazama afisa.

"Ndugu afisa," Ezekieli alisema taratibu, "hapo pana nini?"

"Fumbo la maneno," afisa alijibu kwa sauti ndogo. "Liko ukurasa wa sita. Mkubwa wangu hulikata kila wiki."

Petro aliacha kupima.

"Kumbe na wewe," bibi Dina alisema kupitia tundu, "hujui alichoambiwa."

Afisa akakunja gazeti. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Wiki tatu, bibi. Nimeuliza hospitali, nimeuliza shuleni, nimemuuliza dereva wa basi. Wengine gazeti lao limechelewa, wengine wamewashia moto. Mlagu nilipita jana, nikauliza ukurasa wa tano uko wapi." Akajifuta pua. "Wameuvuta."

Ezekieli akafungua kabati la Raheli, akatoa daftari, akaliweka mezani mbele yake. Afisa akasoma kesi ya jogoo. Akarudi nyuma, akasoma bwana harusi. Akasoma fisi wa Shelui na kasisi aliyepotelewa na baiskeli. Dereva wake alikuja kuuliza kama washushe mbolea, akafukuzwa kwa kiganja.

"Lakini hili la jogoo," alisema mwishowe, "silikubali. Jogoo hawezi kunyamaza kutwa nzima. Aliwika. Akawika, wakamla."

"Ndivyo nilivyosema mimi," alisema bibi Dina.

"Hoja hiyo ilishindwa," Ezekieli alisema.

"Basi naomba irudiwe."

"Utaratibu hauruhusu, ndugu afisa. Labda mjumbe mwenye haki ya kura alete hoja upya. Na mwenye haki ni aliyesoma mwanzo hapa, mbele ya darasa, kwa sauti."

Afisa wa elimu ya watu wazima akasimama na kusoma mwanzo kwa sauti. Alisoma vizuri, ingawa aliharakisha kidogo penye mtama. Kura ikapigwa. Jogoo akaachiwa huru kwa mara ya pili, ishirini na saba kwa kumi na tano, na afisa akaketi akinung'unika kwamba watu wa Kisonga hawaijui tabia ya kuku.

Ndani ya taarifa yake aliandika kwamba wasomaji wa Kisonga wanasoma, wanaelewa, na wanaendelea. Neno la mwisho alilipigia mstari. Mbolea ikashushwa ofisini kwa Petro, mpaka dirishani, na kwa msimu mzima Petro aliandikia barua zake nje, chini ya mbuyu. Kuhusu Ntondo, afisa alisema akiwa anapanda gari kwamba wao, waliopata ukurasa wa tatu picha tupu ya lori na bwana harusi, wamefungua daftari la mianzo, na bwana harusi wao alikuwa mwizi wa lori.

Ila ukarimu wa afisa haukuishia hapo. Mwezi uliofuata Kisonga wakaletewa gazeti lao wenyewe, zima, kurasa nane, bila tundu. Ezekieli alilisoma lote mbele ya watu. Mwisho wa kila habari ulikuwa kwamba wahusika walishauriwa kushirikiana na uchunguzi unaendelea. Siku ya pili walikuja watu ishirini. Siku ya tatu sita, na mmoja wao alikuwa amekuja kukwepa mvua. Bibi Dina alitikisa kichwa, akasema ana wajukuu wa kulea. Petro akaonekana tena akizunguka ukuta na kamba yake.

Alhamisi, kabla watu hawajafika, Ezekieli alilitandaza gazeti jipya mezani. Akasoma ukurasa wa tano peke yake, polepole, mpaka nukta ya mwisho. Akapumua. Kisha akachukua mkasi wa Raheli, akaikata karatasi ile kwa uangalifu, akaiweka ndani ya kabati, akageuza ufunguo, na kuutia mfukoni.

Habari kwamba gazeti limekosa ukurasa wa tano ilienea upesi, na saa tisa alasiri watu waliketi mpaka nje, wengine juu ya matofali. Raheli alipita na ndoo ya maji, akachungulia.

"Kabati langu umelifunga. Kuna nini humo siku hizi?"

"Miisho," alisema Ezekieli.

"Ni mizuri?"

Ezekieli alivaa miwani, akatazama watu waliokuwa wakigombania benchi la mbele, ambalo bibi Dina alikuwa amelikalia lote.

"Hapana," alisema, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.