Tuta Alilofyeka Dal-su

Mzee Maeng Dal-su alikuwa amebakiza upande wa kichwani tu amalize kufyeka tuta la kaburi la mama yake, gari jeupe liliposimama chini ya mteremko. Wakashuka watu watatu waliovaa nguo za mjini, mmoja wao ameshika bahasha. Dal-su akazima mashine ya kukatia nyasi akawangoja, akidhani wamepotea njia.

"Shikamoo, mzee," alisema yule mwenye bahasha, mwanamume wa miaka hamsini hivi. "Kumbe ni wewe. Mimi naitwa Yom. Kila tukibahatika kufika hapa tunakuta pameshafyekwa. Kaka yangu alikuwa anabisha kwamba ni serikali."

"Marahaba. Serikali ifyeke kaburi la mama yangu kwa lipi?"

Wale watatu wakatazamana. Yom akatoa karatasi kwenye bahasha, mchoro wa zamani wenye alama ya tuta na mwamba uliopasuka, na mwamba wenyewe ulikuwepo pale nyuma yao. Dal-su akasema miamba iliyopasuka iko mingi. Yom hakubishana. Aliomba jembe dogo, akapiga magoti mbele ya tuta, akachimba shubiri mbili, akatoa kigae cha udongo uliochomwa chenye maandishi. Lilikuwa jina la mwanamume, wa ukoo wa Yom.

Dal-su akaketi kwenye nyasi alizozikata mwenyewe. Miaka arobaini na sita, kila mwezi wa nane wa kalenda ya wazee, alikuwa akipanda pale na fyekeo, na miaka ya karibuni na mashine. Alikuwa akimwaga pombe ya mchele juu ya tuta lile na kusujudu, halafu anakaa na kueleza yaliyompata: mwana aliyekufa kiwandani, mke aliyeugua ini.

"Alikuwa mtu gani huyu?" aliuliza mwishowe.

"Babu yake babu yetu. Alikuwa mchuuzi wa chumvi."

Yom alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru, na shukrani ile ilimuuma kuliko tusi. Wiki ile wale watu walimfukua mchuuzi wao wakaenda naye, kwa kuwa mlima wote ulikuwa unakatwa kupitisha barabara kuu. Tangazo lilibandikwa tangu mwezi wa sita. Kila mwenye kaburi ajitokeze kabla ya mwezi wa kumi kwisha. Yasiyo na mwenyewe yangefukuliwa na kampuni, mabaki yachomwe, yawekwe ghalani na namba badala ya majina. Dal-su alikuwa amesoma tangazo lile bila wasiwasi wowote. Alikwisha andaa kipande cha bustani chini ya nyumba yake, pembeni ya kaburi la baba, ili mama aletwe hapo, na mwaka utakaofuata, au ule mwingine, na yeye mwenyewe alazwe karibu nao. Sasa zilibaki siku kumi na tisa, na hakujua mama yake amelala wapi.

Hakuwa ameona akizikwa. Mama alikufa wakati wa vita, majira ya kuchipua, mchele umekwisha na shayiri bado mbichi shambani, wakati ambao watu wa kijiji kile cha Saetgol walikuwa wakichemsha magome ya misonobari. Dal-su alikuwa na miaka sita. Baba alimviringisha mama kwenye mkeka wa majani ya mpunga, akamfunga kwenye fremu ya mbao ya kubebea kuni, akampandisha mlimani mgongoni kama mzigo wa siku zote. Dada yake, Jeom-rye, mwenye miaka kumi na miwili, alifuata nyuma na jembe. Dal-su aliachwa kwa mjomba. Miaka mingi baadaye, baba naye keshakufa, Dal-su alirudi kijijini kutoka machimbo ya makaa, na mjomba akamwonyesha kaburi kwa kunyoosha fimbo akiwa uani kwake. "Lile pale, juu ya mwamba." Basi Dal-su akapanda mpaka juu ya mwamba.

Kulikuwa na mtu wa kumuuliza, na huyo alikuwa hai.

Alipanda mabasi mawili hadi nyumba ya wazee. Jeom-rye alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, akikunja na kukunjua leso ileile.

"Dada, ni mimi. Dal-su."

"Dal-su yuko kwa mjomba, analilia viazi."

"Nimetoka kwa mjomba. Nimekua."

Akamtazama kwa muda. "Umezeeka," alisema. "Nani kakuzeesha hivyo?"

"Dada, mama mlimzika wapi?"

Jeom-rye akaikunja leso. Dal-su alidhani amempoteza tena, lakini dada akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayeona kitu mbele yake. "Baba alinawa mikono kwenye chemchemi. Maji yanatoa mvuke, na baridi ile. Hatua chache tu toka tulipomlaza mama. Nikamwambia, baba, mama hajala. Akakichukua kijiko chake cha shaba mkononi mwangu, akamwekea kifuani."

"Kijiko kipi?"

"Cha kukwangulia viazi. Wewe hukijui? Kimelika upande mmoja, kama mwezi mchanga." Akacheka kidogo. "Nilitaka kuja kumfyekea. Ukanikatalia."

Ilikuwa kweli. Mwaka aliorudi kijijini, dada aliandika barua kwamba angependa kwenda naye kufyeka. Alimjibu kwa mistari miwili: binti aliyeolewa ni wa ukoo wa mumewe, afyeke makaburi ya huko. Ndivyo wanaume wote wa Saetgol walivyosema siku zile, na hakuna aliyeona neno baya ndani yake. Kama angemwacha aje, dada angepita mwamba ule bila kugeuka, akaenda moja kwa moja penye chemchemi.

Tangu siku ile Dal-su alikuwa akiingia mlimani asubuhi na kutoka jua likizama. Alipokuwa mtoto mlima ule ulikuwa mtupu kama kichwa cha mtawa kilichonyolewa. Watu walikuwa wamekata kila kijiti kwa kuni, na toka uani ungeweza kumhesabu kila aliyekuwa akipanda. Kisha serikali ikapanda misonobari na migunga, watu wakapata gesi ya kupikia, hakuna aliyegusa tena hata tawi. Sasa huoni hatua kumi mbele yako. Alikuwa akitafuta mlima wa mtoto wa miaka sita ndani ya msitu wa miaka hamsini.

"Unatafuta uyoga?" aliuliza Mama Hyon-i, jirani yake mjane, alipomwona anateremka amejaa miiba.

"Natafuta chemchemi. Ile iliyokuwa haigandi."

"Ile tuliyokuwa tukifulia nepi? Mbona ilikauka walipochimba visima vya kumwagilia tufaha. Ilikuwa pale juu ya shamba la marehemu mume wangu, penye mawe mawili kama matako." Akampima kwa macho. "Mzee mzima unapotea nyuma ya nyumba yako. Kesho nitakufunga kamba."

Alimpeleka mwenyewe, akilalamika magoti njia nzima. Mawe mawili yalikuwepo. Kati yao kulikuwa na kishimo kikavu kilichojaa majani. Na pale juu, ndani ya hatua ishirini, kulikuwa na matuta matatu yaliyobonyea hata mtu angeyapita asiyajue. Zilibaki siku mbili.

Asubuhi akaja Tak, mfukuaji aliyepewa kazi na kampuni, mtu mpole mwenye glavu nyeupe. Alifungua la kwanza polepole, tabaka kwa tabaka. Mifupa haikuwepo, ila udongo mweusi wenye umbo refu. "Hivi ndivyo wanavyokuwa," alisema. "Miaka sabini ni mingi." Dal-su alipiga magoti akapekua udongo wote kwa vidole. Hapakuwa na shaba. La pili, hivyo hivyo. La tatu lilikuwa limeshikwa na mizizi ya mgunga, ikabidi waikate kwa msumeno, na ndani ya mizizi kulikuwa na weusi uleule, na kipande cha kifungo cha mfupa.

"Mama alikuwa na vifungo?" aliuliza Tak.

"Nguo zake alizifunga kwa kamba."

Jioni ikawa inaingia. Katapila lilikwisha egeshwa chini ya mteremko kwa ajili ya kesho. Tak akavua glavu. "Mzee, nakuomba uchague. Au chukua kidogo kwa kila mmoja. Wapo wanaofanya hivyo."

"Na kama hayupo kati ya hawa?"

Tak akakung'uta glavu zake. Dal-su akachagua la pili, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu zaidi na chemchemi. Wakaufunga udongo kwa karatasi nyeupe, wakauweka kwenye kisanduku. Alipokibeba alishangaa kilivyo chepesi.

Asubuhi, kabla ya kwenda kwa dada, alisimama jikoni kwake. Akachukua kijiko cha zamani cha shaba alichoachiwa na mkewe, akakipaka udongo, akakifunga kwa kitambaa. Alijiambia kwamba dada amebakiza siku chache, na ni haki yake kuzimaliza kwa amani.

Jeom-rye alikuwa na asubuhi nzuri. Alimtambua mara moja.

"Nimempata mama," alisema Dal-su. "Pale pale uliposema." Akafungua kitambaa mapajani mwa dada.

Jeom-rye akakichukua kijiko. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akarudia. Kilikuwa duara, kizima, hakikulika popote.

"Hiki si chake," alisema.

"Dada, ni cha siku nyingi, labda umesahau."

"Nimesahau jina la mwanangu. Hiki si chake." Akamrudishia bila hasira. "Umemwacha huko peke yake, Dal-su. Nenda kamchukue. Mama hajala."

Mzee alipanda mabasi mawili kurudi. Alipofika ilikuwa alasiri, na katapila lilikwisha pita. Mawe mawili hayakuwepo, wala migunga, wala umbo la mteremko. Kulikuwa na rundo la udongo mwekundu refu kuliko nyumba, likingoja malori. Dal-su akaingia kwake, akatoka na chekeche la mkewe la kuchekechea unga wa maharage.

"Mzee, hapa haparuhusiwi," alisema mlinzi wa kampuni, akimkimbilia. "Unatafuta nini?"

"Kijiko."

Mlinzi akatazama lile rundo, akamtazama yeye. Malori mawili yalikuwa yanapanda kutoka bondeni. Dal-su akajaza chekeche kwa mikono yote miwili, akalitikisa. Yakabaki mawe. Akayamwaga, akajaza tena.