Kushindilia Gobole Kitandililo

Mahindi ya mama yangu pale Kitandililo yalikuwa yameanza kutoa mbelewele nguruwe pori waliporudi. Mwaka uliotangulia walilivuruga shamba zima, wakaacha mabua yamelala chini kama watu waliochoka safari. Mama hakulia. Alisimama ukingoni, akaitazama misindano ya jirani, ile misonobari ya mbao iliyokuwa ikishuka mlimani mwaka hadi mwaka, akasema, "Wakirudi tena, nami napanda miti. Miti hailiwi."

Shamba lile alilirithi kwa mama yake, na ndilo lililotukuza. Nilijua kwamba misindano ikishashika pale, sitaona tena mahindi ya mama maishani mwangu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Njombe mjini, naandika riwaya. Niliposikia nguruwe wamerudi, nilifunga kompyuta, nikapanda basi la Makambako, nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo pale Kitandililo.

Baba mdogo alikuwa na gobole lenye leseni, bunduki ndefu ya kizamani inayopakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha goroli, na vyote vinashindiliwa kwa fimbo ya chuma. Risasi ya gobole huikuti dukani ikiwa tayari. Kila mlio unautengeneza mwenyewe, kwa vidole vyako. Lakini tangu pikipiki imwangushe njia ya Ludewa, bega lake halikuweza tena kuhimili teke la kitako cha bunduki.

"Nifundishe," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "We binti umezoea kalamu. Hili ukikosea halifutiki."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, baba."

Tulihangaikia kibali mpaka nikaruhusiwa kulitumia. Hata hivyo hakunipa baruti. Alinipa majivu ya jikoni yaliyochekechwa, na maharage. Majivu yawe baruti, maharage yawe goroli. Kila jioni nikakaa kwenye kigoda uani, namimina, nashindilia, natoa, naanza upya. Mama akipita na sufuria alitusemesha bila kusimama: "Hayo maharage tutayala au mnayapeleka vitani?"

Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Niliupenda mlio wa fimbo ikigonga chini ya mtutu, mzito na mfupi, halafu ukibadilika kitambaa kinapokaa sawasawa. Niligundua kwamba mikono nayo inaweza kusikiliza.

Kanuni ya baba mdogo ilikuwa moja, na yeye aliipokea kwa baba yake: anayeshindilia hasalimiwi, na akisalimiwa haitikii. Unachomeka tawi la mlingoti, yaani mkaratusi, njiani ili wapitao wajue. Ukiitikia tu, unamwaga vyote na kuanza upya.

Niliiona kanuni ndogo, mpaka siku mzee wa kanisa alipokata kona ya uani bila kuliona tawi.

"Kamwene!"

Kwetu salamu haiachwi nusu. Niliitikia. Akauliza nyumbani, nikamjibu. Akauliza mama, ng'ombe, mvua ya upande wa Njombe, na kama huko mjini nasali. Nikajibu yote, kichwa nimekiinamisha kwa heshima. Alipoondoka nilirudi kwenye gobole, nikamimina majivu, nikashindilia.

Baba mdogo alikuwa ameegemea ukuta. "Umeweka mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwaga."

Nikaugeuza mtutu, nikaugongagonga. Yakamwagika majivu, yakaendelea kumwagika. Vipimo viwili: kimoja cha kabla ya salamu, kimoja cha baada. Ingekuwa baruti, mtutu ungenipasukia usoni.

"Leo umekufa kwa adabu," akasema. "Tena wewe mtu wa kanisani, tungekuzika vizuri."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nayatazama majivu ya vipimo vile viwili juu ya udongo mwekundu.

Asubuhi ya baruti ya kweli ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi kama maziwa. Gobole halipakiwi nyumbani, hivyo nilipiga goti mwisho wa shamba, nikachomeka tawi langu njiani. Baba mdogo alizunguka bondeni na debe. Tulikubaliana kwamba akianza kuligonga, nguruwe watapandisha na kupita mbele yangu.

Nikamimina. Debe likaanza kulia, mapema kuliko nilivyotegemea. Ndipo nikasikia mahindi yakitembea nyuma yangu.

Alikuwa mama. Hakupitia njiani, alikatisha shambani, chupa ya chai mkononi, khanga imelowa umande. Akasimama karibu yangu akingoja shikamoo yake. Haikuja.

"We. Humwoni mama yako?"

Sijawahi kumpita mama yangu asubuhi bila kumwamkia. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikachukua kitambaa.

"Nasema na nani mimi? Riwaya ndizo zimekufundisha hivi?"

Kitambaa. Fimbo. Nikausikia mlio ukibadilika. Goroli. Fimbo tena. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Mama alinitazama usoni, kisha mikononi, kisha akaliona tawi kule njiani. Akachuchumaa palepale, kimya, akaikumbatia chupa yake ya chai.

Nikaweka fataki ya kuwashia baruti.

Dume lilitoka kwanza, kubwa, jeusi, matope yamekauka mgongoni, na nyuma yake kundi zima. Nililisubiri lifike kwenye uwazi. Nikavuta.

Dunia ilijaa moshi. Kitako kilinipiga bega nikakaa chini, na mlio ukaenda mpaka kwenye misindano, ukarudi. Moshi ulipopungua, dume lilikuwa limelala ubavu, nje kabisa ya mahindi, na wengine wanasikika wakivunja vichaka upande wa mbali, wakienda zao.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiwa bado chini.

"Marahaba!" Alipiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia kwake hata harusini. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Majirani walikuja na visu na mabeseni. Baba mdogo alipanda kutoka bondeni akihema, bado anagonga debe ingawa hapakuwa na wa kufukuzwa tena. Mzee wa kanisa alijikatia paja la nguruwe mapema.

Kundi lile halikuonekana tena msimu ule. Tulivuna mpaka magunia yakatuishia, mahindi mengine tukayamwaga sebuleni, tukawa tunapita juu yake kwenda kulala.

Jirani mwenye misindano alipokuja kuuliza kama mama bado anataka miche, mama alikuwa anapukuchua. Hakuinua uso.

"Ile sehemu ya bondeni niliyoiacha pori," akaniambia mimi, "mwakani tunailima. Mpaka mtoni."

Kisha akainuka, akakung'uta khanga, akashuka bondeni kwenda kuitazama.