Mionzi Peke Yake

Madereva wa malori walimwita Sikio, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Fundi huyu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, akauegemeza mpini sikioni, akafumba macho kidogo, kisha akakwambia beringi ipi imechoka. Kwa miaka thelathini gereji nzima ilimwamini kuliko mashine.

Siku moja lori alilolitengeneza lilirudi likivutwa kwa kamba. Alikuwa amesema ni pampu ya maji, kumbe siyo.

"Fundi, leo umeniangusha," dereva alimwambia, bila hasira.

Sikio hakujitetea. Wiki kadhaa sikio lake la kushoto lilikuwa kama limejazwa pamba, naye akajiambia ni nta tu. Jioni alipomsimulia mkewe, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza, mke hakungoja maelezo. Kesho yake alimshika mkono kama anavyowashika wanafunzi wake, wakaongozana hadi hospitali.

Haikuwa nta. Kamera nyembamba iliyopitishwa puani ilionyesha uvimbe juu kabisa ya koo, nyuma ya pua, umeziba mrija unaoenda sikioni. Walikata kinyama kidogo wakakipima. Saratani.

Daktari alikuwa binti mpole, rika la watoto wao. "Tumeiwahi, baba," alisema. "Uvimbe ni mdogo, haujasambaa, na vipimo vya damu yako vinatupa moyo. Hii tunaiita ya hatari ndogo. Mionzi ni lazima. Swali ni kama tuongeze dawa za kemo, zile za kuua saratani kwa dripu."

"Ongeza," mke alidakia.

"Mama, dawa hizo zina makali yake. Zinatapisha, zinaweza kuumiza figo, zinaweza kuharibu usikivu. Kwa walio kama baba, tafiti zimeonyesha kwamba mionzi peke yake inaweza kutosha. Siwezi kuapa. Nendeni mkazungumze, mrudi kesho."

Njiani fundi alisema anaogopa kupoteza masikio. Nyumbani mke alianza kumenya vitunguu kwa nguvu, kana kwamba vimemkosea.

"Nyoka hauawi kwa fimbo moja ukiwa nazo mbili," akasema. "Kaka yangu tulimzika tukisema laiti tungefanya zaidi, laiti. Sitaki kulisikia tena neno hilo. Hizo injini zako ndizo zitakazonilea uzeeni?"

"Nani kataja injini, Mama Pacha?" Pacha wao walikuwa wakubwa sasa, kila mmoja kwake, lakini jina lilibaki. "Injini nitazishika kwa mkono, nitazijua kwa mtetemo. Wewe nitakujuaje? Miaka yote hii unanigombeza kupitia dirisha hilo la jikoni. Nikiwa kiziwi, nitajuaje kama umenuna au umenisamehe?"

Mke alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Akalaumu vitunguu.

"Na nikikukosa je?"

Fundi alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja mpaka bakuli likajaa vitunguu ambavyo wasingevimaliza kwa wiki.

Kesho yake, mbele ya daktari, mke ndiye aliyeuliza. "Tukianza na mionzi tu, halafu uvimbe ukarudi?"

"Tutamchungulia kila baada ya miezi mitatu. Ukirudi, dawa bado zipo. Hatujafunga mlango."

"Na angekuwa baba yako?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa majibu haya, ningempa mionzi peke yake. Na bado ningeogopa, mama."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtuliza mwalimu. Mtu anayekiri hofu, alisema baadaye, hakuuzii maneno. Akamgeukia mumewe. "Haya. Mionzi."

Siku thelathini na tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, fundi alilala chini ya mashine, uso umebanwa kwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake. Wiki ya nne koo liliwaka moto, chakula kikawa na ladha ya chuma, mate na sauti vikakauka. Mke alimsagia kila kitu kiwe uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, huku akisimulia vituko vya darasa la kwanza kwa niaba ya wote wawili. Fundi aliandika kwenye daftari: *Umesahau chumvi.* Mke akamfinya sikio, lile zima.

Uvimbe uliyeyuka. Mate hayakurudi yote, kwa hiyo hatembei bila chupa ya maji. Sikio la kushoto lilizibuka nusu. La kulia halikupungua kitu. Gerejini alirudi, akaanza kukagua injini mara mbili kabla ya kutoa kauli.

Mwaka wa tatu daktari alitazama picha, akatabasamu. "Sasa tuonane mara moja kwa mwaka."

Mke, ambaye kabla ya kila kipimo hupoteza usingizi siku mbili, aliomba asomewe majibu tena. Akasomewa. Kisha wakatoka, wakasimama langoni wakiwa na siku nzima mikononi na hakuna pa kuwahi.

"Twende wapi?" fundi aliuliza.

"Popote," mke alisema. "Polepole tu."