Gome la Mama na Panya wa Mtafiti

Mti wenyewe siutaji jina, maana mama yangu bado yuko hai na fimbo anayo. Uko nyuma ya kahawa zetu, kijijini Isansa. Gome lake likichemshwa, homa inashuka, maumivu yanatulia, uvimbe unanywea. Mti mwenzake ulikuwa kando ya kijito. Wachuuzi wa Tunduma waliubandua gome shina zima, wakavusha magunia kwenda Zambia, nao ukakauka umesimama. Tangu hapo hata mbuzi akiusogelea huu uliobaki, mama anamshuku.

Sasa mimi, kwa kiherehere cha kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, tena na C ya baiolojia ambayo wilaya nzima ya Mbozi iliisikia, nikamleta nyumbani mtafiti wa chuo. Alitaka kukamua kiini cha dawa kwenye gome, kisha akijaribu kwa panya. Mama alimtazama viatu kwanza.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, mama. Ni utafiti tu."

"Haya." Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha magome makavu.

Miezi ikapita, mtafiti akapiga simu. Panya aliowavimbisha nyayo walikunywa gome letu na nyayo zikabaki kama maandazi. "Ndugu yangu, mna uhakika?"

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, ulimpa gome gani yule?"

"La mparachichi."

"Mama!"

"Hakuwa mgonjwa. Hapa dawa haitoki bila mgonjwa. Hilo hawakukufundisha huko usiku?"

Nikampigia mtafiti, nikamweleza. Hazikupita siku nne, akafika anachechemea. Eti ameteleza kwenye mfereji. Kifundo kilikuwa kimevimba kweli, lakini mtu mwenye digrii tatu atashindwa kujitegua? Nilishuku. Mama alishuku zaidi: alikiminya kifundo kwa dole gumba lililopalilia kahawa miaka mia mbili. Ukelele uliotoka pale, nina hakika malori yote ya foleni ya Tunduma yalizima injini.

"Huyu anaumwa," mama alisema.

Akatuamuru tugeuke tutazame barabara. Tulipoitwa, alikuwa na kipande cha gome kisichozidi kidole, akakichemsha. Mtafiti akatoa chupa ndogo mfukoni.

"Nusu nitakunywa njiani, mama."

"Utamalizia hapa, baba. Kinachoumwa ni mguu, siyo chupa."

Akanywa. Mama akakipindua kikombe kuhakikisha, na masalia akayatupa motoni.

Mtafiti akainuka. Akatushika mikono, akamwinamia mama, akaweka kiganja kifuani. Neno hakusema hata moja. Akapanda bodaboda, na ilipogeuka ndipo nikaona shavu lake la kushoto limejaa kama la mtoto mwenye pipi.

"Mbona mgeni wako kaaga kimya?" mama akauliza.

"Uchungu wa dawa, mama."

Akanitazama viatu.

Nikachukua ndoo, nikakoroga udongo, nikaenda kuziba kidonda cha mti, kama tufanyavyo ili shina lisikauke. Nilipomaliza nikasita: lile bandiko lilionekana toka barabarani, ni kama kumwonyesha mtu kwa kidole. Basi nikaupaka udongo mparachichi pia. Nikaupaka na mgravilea wa kivuli cha kahawa, na mwingine ulio jirani yake. Nilikuwa kwenye mti wa tisa niliposikia hatua nyuma yangu.

Ni mama, na ndoo ya pili.

"Paka na ile miti ya mpaka wa shamba," alisema, "na usimpigie mtu simu."